Kujifungulia nyumbani kwa msaada wa mkunga: ni gharama ipi ambayo sijaihesabu?

Baba Nuru, Kigamboni

Habari za jioni ndugu zangu. Mke wangu ana ujauzito wa wiki 30, mimba ya pili, na safari hii anataka kujifungulia nyumbani. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa salama hospitalini kwa njia ya kawaida, lakini usiku ule mke wangu alilazwa kitanda kimoja na mjamzito mwenzake, alifokewa kila alipolia, na mama yake mzazi, aliyekesha nje ya geti na chupa ya uji, hakuruhusiwa kumwona mpaka kulipokucha. Sasa kila ninapotaja hospitali ananyamaza, na mimi sitaki kumlazimisha.

Mtaani kwetu yupo muuguzi mkunga mwenye leseni ambaye amekubali kuja nyumbani kwa Sh 200,000, pamoja na kumtembelea mara mbili kabla ya kujifungua na mara mbili baadaye. Vifaa nimevipigia hesabu: glavu, pamba, mpira wa kutandika, vibana kitovu, nyembe mpya, beseni mbili na kanga sita safi, jumla kama Sh 70,000. Naomba wenye ujuzi na waliopitia jambo hili waniambie ni nini nimekisahau.

Mkunga Mstaafu

Ndugu Baba Nuru, mpe mama pole zangu. Nimefanya kazi ya ukunga kwa miaka 31, na ninaumia kila ninaposikia kwamba mama alifokewa akiwa katika uchungu, kwa sababu hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wachelewe kuja hata pale wanapotuhitaji sana.

Hesabu yako inatosha kwa uzazi unaokwenda vizuri, na uzazi mwingi huenda vizuri. Kazi ngumu ya mkunga huanza mtoto akishatoka. Ndani ya dakika moja mama anapaswa kuchomwa sindano ya oksitosini, yuniti 10, ili mji wa mimba ukaze na damu ikate. Dawa hiyo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo muulize mkunga wako ataitoa wapi na ataibeba katika chombo gani, maana sindano iliyokaa siku kadhaa kwenye mkoba katika joto la Kigamboni inaweza kuwa imepungua nguvu bila mtu kujua. Muulize pia kama ana mfuko na barakoa ya kumpumulishia mtoto asiyelia, na mara ya mwisho kuutumia ilikuwa lini. Kisha jiulize wewe mwenyewe: mtoto akikataa kuvuta pumzi dakika ileile ambayo mama anatoka damu, mkunga mmoja mwenye mikono miwili atamshika nani? Hiyo ndiyo gharama ya kwanza uliyoisahau, yaani mkunga wa pili.

Damu nitaisema kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyonikosesha usingizi miaka yote. Baada ya kujifungua, damu ikifika nusu lita tunahesabu kwamba ni nyingi, lakini macho hudanganya: kanga iliyokunjwa mara nne huinywa taratibu, juu inaonekana imelowa kidogo tu, ukiinyanyua unakuta imekuwa nzito kama nguo iliyotolewa kwenye beseni la kufulia. Katika utafiti mkubwa uliofanyika hospitalini Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na kutangazwa mwaka 2023, wakunga walimtandikia mama mfuko wenye alama za vipimo na kuanza tiba zote kwa pamoja mara damu ilipofika kiwango cha hatari, na madhara makubwa ya kutokwa damu yakapungua kwa asilimia 60. Zingatia kwamba palikuwa na dripu, dawa na watu karibu. Nyumbani, tiba hiyo iko mwisho wa barabara.

Hivyo gharama ya pili ni gari. Mfumo wa dharura wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hupigiwa simu bila malipo kwa namba 115, na umewafikisha wengi hospitalini, uandike ukutani. Hata hivyo, pata na dereva wako wa jirani atakayeacha simu yake wazi tangu wiki ya 37 hadi ya 42, kwa sababu uchungu hauna miadi. Tafuta pia ndugu wawili ambao wamekwisha kupimwa kundi la damu na wako tayari kutoa.

Kama kwenye kadi ya kliniki kuna presha, upungufu wa damu, mapacha, mtoto aliyetanguliza makalio, kovu la upasuaji au historia ya kutokwa damu nyingi, tafadhali liache kabisa wazo la nyumbani.

Mama Watatu, Tanga

Shikamoo mkunga wetu. Kaka Baba Nuru, mimi nilijifungulia nyumbani mtoto wa pili, kwa hiari, na mkunga niliyemwamini. Mtoto alitoka vizuri saa nane usiku, nikamnyonyesha, nikacheka. Kondo la nyuma likagoma. Tulingoja, saa moja ikapita, mkunga akaanza kutazama mlango. Gari lilipatikana saa kumi kwa Sh 80,000, na mume wangu aliilipa bila kubishana. Hospitali ilikuwa mbali na nilifika nikiwa sijui ninapelekwa wapi. Niliongezewa chupa mbili za damu.

Mtoto wa tatu tulipanga kwa namna nyingine, nami ningependa mkeo aisikie. Mkunga yuleyule alikuja nyumbani uchungu ulipoanza, nikatembea uani kwangu, nikaoga maji ya moto, mama akanikanda mgongo. Njia ilipofunguka sentimita tano tukapanda gari kwenda kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji, ambacho nilikwenda kukiona mapema na kumfahamu mkuu wa wodi. Nilikaa pale saa tatu tu kabla ya kujifungua. Mkunga nilimlipa Sh 100,000 na gari Sh 25,000.

Msomaji, Leicester

Ndugu zangu, nami niongeze la huku Uingereza kwa kuwa watu wetu hulitolea mfano. Nilijifungulia nyumbani mwaka 2019, mtoto wa pili, na sikulipa chochote kwa sababu wakunga hutumwa na huduma ya afya ya taifa. Walikuja wawili, wakiwa na gesi ya kutuliza maumivu na vifaa vya kumhuisha mtoto, na ambulensi ilikuwa dakika chache tu. Pamoja na hayo yote, utafiti wa mwaka 2011 uliofuatilia wajawazito zaidi ya 64,000 wasio na vihatarishi ulionyesha kwamba kati ya waliopanga kujifungulia nyumbani, asilimia 45 ya wenye mimba ya kwanza walihamishiwa hospitalini, na waliowahi kuzaa ni kama asilimia 12. Kwa hao wa pili, watoto hawakuwa katika hatari zaidi kuliko wa hospitalini. Usalama huo ulitokana na gari na hospitali iliyo tayari kupokea, kwa hiyo usiazime takwimu za huku kama huna hivyo viwili.

Baba Nuru, Kigamboni

Nawashukuru sana. Nimemsomea mke wangu majibu yenu yote jana usiku, na alipofika kwa dada wa Tanga alinishika mkono akaniambia nirudie. Muuguzi wetu amekubali kumsimamia uchungu nyumbani na kumsindikiza. Amekiri kwamba oksitosini hana mahali pa kuitunza. Alhamisi tunakwenda kukiona kituo cha afya kilicho dakika 20 kutoka kwetu. Swali la kwanza tutakalouliza ni kama mama mkwe ataruhusiwa kukaa ndani pamoja naye. Dada wa Tanga, wewe uliomba ruhusa hiyo kwa nani, na uliomba mapema kiasi gani?

Mama Watatu, Tanga

Kwa mkuu wa wodi ya wazazi, kaka, nikiwa wiki ya 34. Nenda na mkeo, na mama yake aende pia, wamwone.