Naomba ushauri: nichangishe vipi fedha za kuokoa sinema ya zamani?

Kopo la Bati (mleta uzi):
Kamwene wakuu. Niko Iringa, Kihesa. Marehemu baba yangu mkubwa alikuwa dereva wa gari la sinema, lile lililokuwa likizunguka vijijini na kutundika shuka jeupe kwenye ukuta wa godauni. Ameniachia makopo mawili ya filamu. Ni hadithi kamili ya Kiswahili, kuna wazee hapa wanaikumbuka mpaka maneno. Nataka ikarabatiwe, tuionyeshe bure uwanjani. Swali: nikitaka kuanzisha mchango wa umma, nitumie namba ya simu, grupu la WhatsApp au akaunti ya benki ili watu waniamini? Silali wakuu.

Mama Viazi wa Uyole:
Pole na msiba. Fungua akaunti yenye watia saini watatu, basi. Kikoba chetu kilikufa kwa sababu ya namba ya simu ya mtu mmoja. Mweka hazina alihamia Tunduma na laini yake. Nikipiga hesabu, nauli ya kumfuata na kulala huko inazidi deni lenyewe.

Fundi Projekta:
Akaunti baadaye. Mkuu, ukifungua kopo, linanuka nini?

Kopo la Bati:
Siki. Kali mpaka macho yanawasha.

Fundi Projekta:
Nilijua. Hiyo ni asetati, plastiki ya utepe wa filamu za zamani, inaoza. Utepe unatoa asidi ya siki, na asidi hiyo hiyo inazidi kuuozesha, kwa hiyo haitaacha yenyewe. Joto na unyevu vinaharakisha. Kama yako darini, yashushe leo, weka pakavu penye baridi, mbali na filamu nyingine kwa sababu ule mvuke unaziambukiza. Na USIIPITISHE kwenye projekta hata kwa kujaribu. Ikishasinyaa, meno ya mashine hayakai kwenye matundu, inachanika. Inapigwa picha fremu moja moja, yaani kila kipicha cha kwenye utepe, kwa skana maalumu, ndipo mikwaruzo inafutwa kwenye kompyuta. Sekunde moja ni fremu 24. Saa moja na nusu ni fremu 129,600. Ndiyo maana bei haifanani na ya kusafisha picha ya pasipoti.

Baridi Tupu:
Lete Makete. Huku friji ni kabati la vyombo.

Mja wa Bwana:
Shule ya kijijini kwetu watoto wanakaa chini, ninyi mnachangia sinema. Vipaumbele jamani.

Mwalimu Mstaafu:
Mja wa Bwana, hukuwepo. Televisheni huku Bara imekuja mwaka 1994. Kabla ya hapo, gari hilo likiingia kijijini hata wagonjwa walitoka nje. Sisi watoto tulikaa nyuma ya shuka, mbele walijaa wakubwa. Kwetu kila mtu kwenye sinema alikula kwa mkono wa kushoto, na herufi zilisomeka kinyume. Miaka mingi nilidhani ndivyo watu wa mjini walivyo.

Daftari la Mhasibu:
Mleta uzi, ni "nikitaka kuanzisha" au umeshaanzisha? Mbona kadi za mchango huu zinazunguka Kihesa tangu Pasaka? Shemeji yangu ametoa elfu ishirini.

Kopo la Bati:
Sawa. Nimekusanya 2,140,000 kutoka kwa watu 73. Sikusema mapema kwa sababu mngeanza na hukumu badala ya ushauri. Daftari ninalo, kila jina limo.

Daftari la Mhasibu:
Na hela iko wapi?

Kopo la Bati:
900,000 nimempa kianzio kijana mmoja wa Mwanjelwa anayepiga video za harusi. Ataiangaza ukutani, airekodi kwa kamera, kisha aisafishe kwa akili mnemba. Msiseme nimepigwa, ni mtu wa kwaya na ameniandikia risiti. Hiyo skana yenu ni ya nje ya nchi, na wazee wanaondoka kila mwezi. Nisubiri nini?

Fundi Projekta:
Ataiangaza kwa kutumia nini, tochi? Si projekta hiyo hiyo?

Mama Viazi wa Uyole:
Mweka hazina wetu naye aliimba sauti ya kwanza.

Wakili Asiye na Ofisi:
Utepe ni wako, hadithi huenda si yako. Kuna Sheria ya Hakimiliki ya 1999, pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize kabla ya kuonyesha. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa 1968, kama ni kazi yao usijifanye mrithi. Tena kuna mradi wa urithi wa filamu za Afrika, ulianza 2017 chini ya The Film Foundation (taasisi ya kuhifadhi filamu), FEPACI (shirikisho la watengeneza filamu wa Afrika) na UNESCO. Waandikie. Inaitwaje hiyo filamu?

Kopo la Bati:
Jina nalihifadhi. Wezi ni wengi humu.

Nimekaa Pale:
Hii ni chai. Jina hakuna, picha hakuna. Kopo la filamu ya milimita 16 (upana wa utepe) ni futi 400, dakika 11. Mawili ni dakika 22. "Hadithi kamili" iko wapi hapo? Mtunzi ameona tumenoga, kesho ataleta namba ya kuchangia.

Kopo la Bati:
Nimepima kwa rula sasa hivi: kopo lina upana wa sentimita 36. Na utepe wa kopo la kwanza nimeunyoosha dirishani. Kuna mwanamke wa kaniki, mtungi kichwani, mkono umeushika. Fremu kumi mkono hausogei. Ya kumi na moja, kidole kimoja kimeachia. Nitungie nini kitu kama hicho?

Fundi Projekta:
Upana huo ni futi 1,600, dakika 44. Mawili yanakaribia saa moja na nusu. Inaingia akilini. Ila mkuu, umewaahidi watu sauti? Milimita 16 yenye sauti ina matundu upande mmoja tu, upande wa pili ndiko sauti inakopita. Yako vipi?

Kopo la Bati:
Kadi zimeandikwa "Tusikie tena sauti za wazee wetu". Ngoja nikaangalie.

Nimekaa Pale:
Dakika arobaini. Kaenda kununua majani ya chai Mufindi.

Kopo la Bati:
Nimerudi. Kopo la kwanza matundu yako upande mmoja. La pili yako pande zote mbili. Maana yake nini?

Fundi Projekta:
Maana yake una nusu ya hadithi yako, na filamu nyingine kabisa, bubu, iliyotiwa kwenye kopo linalofanana. Mpigie kijana wa Mwanjelwa, mwambie asimamishe.

Kopo la Bati:
Simu inaita tu. Leo Jumamosi, yuko harusini.