Pentagon ilipoacha kulazimisha Ada: njia ipi ilikuwa bora?

Kijana_wa_Dom
Wakuu, habari za jioni. Tuna mdahalo chuoni wiki ijayo na upande wangu unapinga serikali kulazimisha lugha moja ya kuandikia programu za kompyuta. Mfano tuliopewa ni Ada, ambayo Wizara ya Ulinzi ya Marekani (Pentagon) iliilazimisha hadi Aprili 1997. Naona njia tatu: kulazimisha lugha, kumwachia fundi achague mwenyewe, au kuacha lugha huru na kubana masharti ya ubora na ukaguzi wa programu. Ipi ina nguvu zaidi? Nilikosoma kote wanasema amri ilipofutwa Ada ikafa. Ni kweli?

MzeeWaTerminali
Haikufa, kijana. Lakini usiwacheke walioilazimisha kabla hujajua walikuwa wanakimbia nini.

Katikati ya miaka ya 1970 wizara ile ilijikuta na lugha zaidi ya 450 kwenye mifumo yake. Rada ina lugha yake, kombora lina yake, na aliyeandika keshastaafu. Mwaka 1975 wakaunda kikundi kazi. Kikaandika mahitaji, kikayachuja, kikayaandika tena, hadi waraka wa mwisho wa 1978 ulioitwa Steelman. Timu nne zilishindana kwa majina ya rangi ili waamuzi wasijue kazi ni ya nani. Mwaka 1979 ikashinda Kijani, ya Jean Ichbiah kutoka Ufaransa. Kiwango chake kikapewa namba MIL-STD-1815, na 1815 ni mwaka aliozaliwa Ada Lovelace, yule anayetajwa kuwa mwandishi wa kwanza wa programu, ambaye lugha ilipewa jina lake. Baba yake alikuwa mshairi Byron, kwa hiyo hata nyaraka za jeshi zina ushairi kidogo.

Hadi hapo mimi niko nao. Walipokosea ni kutanguliza amri kabla ya zana. Mwaka 1983 kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya kwanza kufaulu mtihani rasmi ilitoka Chuo Kikuu cha New York, nayo ilikuwa ya polepole mno. Ilifaa kufundishia, si kurushia ndege.

binti_wa_Tanga
Shikamoo mzee. Naomba nipinge kidogo hilo neno "kulazimisha". Bunge lao lilipoiweka kwenye sheria mwaka 1990, liliandika kwamba programu zote za wizara ziwe za Ada *pale inapokuwa na nafuu kwa gharama*. Hapo ndipo penye mlango wa nyuma. Meneja wa mradi asiyeitaka aliomba ruhusa maalumu, akaendelea na lugha yake. Kwa hiyo wanaosema amri ilishindwa wanapima kitu ambacho hakikuwahi kutekelezwa sawasawa.

La pili ni bei. Ukiwa na mteja asiye na pa kwenda, utampunguzia bei ya nini? Kompaila za Ada ziliuzwa ghali kwa wenye mikataba ya jeshi. Turbo Pascal, kompaila ya lugha ya Pascal, ilitoka mwaka huohuo wa 1983 kwa dola 49.95, na lugha ya C ilikuwa inatembea na mfumo endeshi wa Unix vyuoni. Mwanafunzi angejifunza ipi? Ukiniuliza mimi, Ada iliumizwa na miaka ya kulindwa kuliko siku ya kuachiwa.

Kapteni_Null
Mnazunguka tu. Ada ililipua roketi ya Ariane 5 mwaka 1996, mwaka uliofuata wakaitupa. Mada imefungwa.

MzeeWaTerminali
@binti_wa_Tanga marahaba mwanangu, nimekubali.

@Kapteni_Null hapana. Ariane ni ya Ulaya, haikuwa chini ya amri ya Pentagon. Na hiyo ajali isome vizuri. Walichukua programu ya Ariane 4 wakaipandisha kwenye roketi yenye kasi kubwa zaidi. Namba ya desimali ya biti 64 ikabadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16, haikuenea. Kulikuwa na vigeu (majina yanayobeba thamani kwenye programu) saba vyenye hatari hiyo. Vinne viliwekewa kinga, vitatu vikaachwa ili kompyuta isizidiwe na kazi. Kifaa kikuu cha kupimia mwelekeo wa roketi na cha akiba vyote vilikuwa na programu ileile, vyote vikazima. Kinachouma ni kwamba sehemu hiyo ya programu haikuwa na kazi yoyote tena roketi ikishanyanyuka. Sekunde 37 hivi, basi.

Ada ililiona kosa na kulipigia kelele, ila hakuna aliyepanga nini kifuate. Hiyo ni hoja ya njia ya tatu, si hoja dhidi ya Ada.

fundi_Mvita
Salaam. Kama wataka ulinganisho, ndugu yangu, tazama ndege mbili za kivita za Lockheed Martin. F-22 ya wakati wa amri, programu zake nyingi ni Ada. F-35 ilipokuja fundi ana hiari, wakachagua lugha ya C++, sababu kubwa ikiwa watu na zana: waandishi wa C++ walikuwa tele, wa Ada wa kutafuta kwa tochi.

Sasa soma mwongozo wa C++ waliouandika mwaka 2005 kwa ajili ya F-35. Marufuku programu kuomba nafasi mpya ya kumbukumbu ya kompyuta baada ya mfumo kuwashwa. Marufuku eksepsheni (njia ya lugha ya kushughulikia makosa). Marufuku kipande cha programu kujiita chenyewe. Kurasa kwa kurasa za usifanye hivi. Yaani waliiacha lugha kali, wakachukua lugha legevu, kisha wakaifunga kamba kwa mkono. Binafsi nimeandika C ya vifaa vidogo miaka kadhaa, na nawaambia kanuni ya kwenye karatasi hulala pale tarehe ya kukabidhi kazi ikikaribia. Ya kwenye kompaila hailali.

Na kabla amri haijafutwa walishauriwa vizuri. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Barry Boehm ilisema Ada ibaki kwa programu za vita tu, kwingine iondolewe, na ziwekwe kama dola milioni 15 kwa mwaka kwenye zana na mafunzo. Hela zisipotoka, bora kuacha kabisa. Emmett Paige, aliyesimamia mambo hayo wizarani, akafuta lazima yote na kusema lugha ichaguliwe kihandisi. Ofisi ya wizara iliyosimamia Ada nayo ikafungwa 1998. Wakati huo ndio GNAT, kompaila ya bure iliyogharimiwa na wizara hiyohiyo, ilikuwa imeanza kukomaa. Chakula kimeiva, wageni washaondoka.

binti_wa_Tanga
Hapo kwa fundi napiga makofi. Niongeze tu kwamba ambako hakuna aliyelazimishwa Ada ilibaki. Boeing 777 ni ndege ya abiria, na kampuni ilijichagulia Ada yenyewe. Treni zisizo na dereva za Paris, njia ya 14, zilianza 1998 na Ada ndani yake. Iliyoondoka ni mifumo ya kawaida ya ofisini, na kusema kweli huko haikuwa na sababu ya kuwepo.

Kijana_wa_Dom
Asanteni sana, mmenivuruga vizuri! Nitatetea njia ya tatu. Naona Marekani wenyewe wameielekea: mwongozo wa NSA (shirika la usalama la taifa la Marekani) wa 2022 na ripoti ya Ikulu ya Februari 2024 zinasisitiza lugha zinazozuia makosa ya kumbukumbu ya kompyuta, bila kushika fimbo kwa lugha moja.

fundi_Mvita
Sawa, lakini jiandae kuulizwa: ushauri usio na hela wala mkaguzi una tofauti gani na ile lazima yenye mlango wa nyuma?

Kijana_wa_Dom
Duh. Hilo nalilalia. Kuijaribu Ada yenyewe naanzia wapi?

MzeeWaTerminali
Kama kompyuta yako ina Debian au Ubuntu (aina za Linux), andika `sudo apt install gnat`. Kisha tangaza `type Umri is range 0 .. 120;` halafu jaribu kumpa mtu miaka 150. Ikikukatalia, njoo utuambie.