Imeli ipi ya bure inamfaa muuza dagaa? Ya zamani imenitoka mkononi

MamaMagunia
Habari za jioni wadau. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, mwaka wa saba huu. Wateja wangu karibu wote ni wa simu tu, mtu ananipigia, nafunga magunia, namtupia picha WhatsApp, biashara imeisha. Sasa nimepata mteja wa Lubumbashi na wakala wake hataki stori, anataka kila kitu kije kwa imeli, ankara, vibali, nakala ya TIN, mpaka picha za mzigo. Imeli nilikuwa nayo, nilifunguliwa na kijana wa steshenari kipindi nahangaikia TIN, akaniandikia paswedi nyuma ya risiti na hiyo risiti sijui ilifungiwa maandazi ya nani. Juzi najaribu kuingia inaniambia namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu inayoishia 47. Mimi sina namba ya 47! Ni ya yule kijana, na pale hayupo tena, wanasema kaenda Geita kwenye dhahabu.
Nataka nianze upya. Mmoja ananiambia Gmail, mdogo wangu anasema Yahoo ndiyo ina nafasi kubwa, mwingine ananitajia ya Uswisi ambayo eti hata wenyewe hawawezi kusoma barua zako. Simu yangu ya Android, ya kawaida tu, bando nanunua la siku. Iwe ya bure, maana saa hizi ni mbalamwezi, dagaa hakuna, nakaa tu nasubiri giza lirudi.

Nkoi_Nyegezi
Mama usijizungushe, Gmail. Ila kabla hujafungua mpya ingia Play Store ugonge kile kiduara juu kulia uone kuna akaunti ya nani. Nakuhakikishia hiyo simu ina Gmail tayari, kama siyo wewe uliyefungua basi ni aliyekuuzia simu.

MamaMagunia
Weee! Nimeangalia. Kuna "samsungmpyamwanza" na tarakimu kama nane mbele. Hii ni ya nani jamani, mimi ndo naiona leo

FundiBuzuruga
Hahaha hiyo ya dukani, wanafungua moja wanaiingiza kwenye simu kumi. Itoe kabisa, usijenge juu yake, maana mwenye paswedi ni wa dukani na majina ya wateja wako yote unayosevu yanaweza kuwa yanaendea huko. Hamishia majina kwenye laini au kwenye akaunti mpya kwanza ndo uitoe, usije ukapoteza namba za Wakongo wako.
Kuhusu nafasi, mdogo wako yuko sahihi ila kachelewa. Yahoo walikuwa wanatoa TB 1 nzima, yaani kama GB elfu moja, tangu 2013, mwaka 2025 wakaikata mpaka GB 20. Bado ni nyingi kwa ankara za dagaa. Gmail ni GB 15, lakini hapa ndo watu wanapigwa, hizo 15 siyo za barua peke yake, zinagawanwa na Drive, ile stoo ya mafaili ya Google, na picha zako, na siku hizi hata bakapu ya WhatsApp inahesabiwa humohumo. Wewe mtu wa kutuma video za magunia kila siku, ukiacha WhatsApp ihifadhi na video utajaza mapema halafu utashangaa barua haziingii wala hazitoki, na wakala atakuona tapeli. Nenda mipangilio ya WhatsApp, chati, bakapu, pale kwenye kujumuisha video zima. Outlook nao wanakupa 15 za barua peke yake, ila ukiweka viambatanisho vinahesabiwa kwenye GB 5 za hifadhi yao, kwa hiyo na kwenyewe kuna mtego.

Mzee_wa_Bwiru
Nyie vijana mnagombania GB. Mimi wakati naanza na Hotmail kisanduku kizima kilikuwa MB 2, picha moja ya harusi inajaa, unalipia kafe kwa dakika na unatumia nusu saa kufuta barua. Gmail ilipotangazwa tarehe 1 Aprili 2004 kwamba inatoa GB 1 watu wakajua ni utani wa siku ya wajinga.
Niliwahi kupoteza sanduku lote, sitaji la nani, nilikaa Ukara muda bila kulifungua narudi mjini nakuta halina kitu hata kimoja, na humo ndo mlikuwa na barua za marehemu kaka yangu. Kwa hiyo mama, akaunti usiyoifungua siyo yako. Google wanaweza kuifuta isipoguswa miaka miwili, Yahoo wao miezi kumi na miwili tu. Ingia hata mara moja kwa mwezi, usome matangazo, utoke.

BintiNansio
Shikamoo mzee. Mama mimi nakuongezea moja tu maana hawa wanaume wamekazania ukubwa wa sanduku wakati tatizo lako lilikuwa ile namba ya 47. Fungua mwenyewe, kwa kidole chako, na namba ya kurejeshea iwe laini iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole, siyo ya mume, siyo ya binti wa kazi, siyo ya steshenari. Halafu weka na imeli ya pili ya mtu wako wa damu. Mimi simu yangu ilidumbukia ziwani nikishuka kivuko cha Kamanga, naiona hivihivi inazama, nikarudisha laini siku ileile na jioni nilikuwa ndani ya imeli yangu. Dada niliyekuwa naye yeye alikuwa ameweka namba aliyoitupa zamani, ilishagawiwa mtu mwingine, mpaka leo anahangaika.
Na ukiwasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani paswedi halafu na namba ya kwenye simu, Google wanakupa namba kumi za akiba za tarakimu nane nane. Ziandike kwenye lile daftari lako la madeni, najua hilo huwezi kulipoteza 😂

Nkoi_Nyegezi
Ya Uswisi ni Proton. Nzuri kweli, ila ya bure inaishia GB 1, na ile siri inakamilika mkiwa wote wawili mko huko. Wakala akiwa Gmail, barua ikimfikia ni barua kama nyingine.

MamaMagunia
Wabeja sana. Nimefungua Gmail jana usiku, mwenyewe, saa nzima imeisha kwenye jina tu maana kila ninaloandika limeshachukuliwa. Nikaweka jina langu na la baba na nukta katikati. Kumtajia wakala kwa simu ndo kasheshe, namwambia nukta, yeye "quoi?", namwambia doti, yeye "quoi?", mpaka mpakia mizigo mmoja hapa aliyekaa Kalemie kule Kongo akaninyang'anya simu akasema kwa Kifaransa "point", ndo wakala akaelewa.

FundiBuzuruga
Ungeiacha hiyo nukta mama, Gmail haiijali. Akiiandika au asipoiandika, barua inakuja kwako.

MamaMagunia
Sasa si ungesema jana! Haya, nimetuma ankara na TIN, picha sita za mzigo. Kajibu ndani ya dakika kumi. Anauliza gunia lina kilo ngapi, swali ambalo nilishamjibu WhatsApp juzi.