Waliouawa Unguja 1964: watajwe kwa majina au yaachwe yalivyo?

Assalaam alaykum wana Lamu na wana Malindi.

Kila inapokaribia tarehe 12 Januari, barazani kwetu hapa Mkomani, Lamu, huzuka ubishi ule ule. Huyu husema Mapinduzi ya Zanzibar, yaliyoiangusha serikali ya Sultani Mwarabu, yalikuwa haki, yule hujibu yalikuwa machinjo, na adhana ya isha hutukuta hatujamaliza. Mtu anaweza kukubali kuwa ASP (Afro-Shirazi Party, chama kilichoshika nchi baada ya Mapinduzi) ilidhulumiwa, maana katika uchaguzi wa Julai 1963 ilipata zaidi ya nusu ya kura ikaambulia viti 13 kati ya 31, na bado akataka kuambiwa nani aliuawa na kazikwa wapi.

Idadi hadi leo ni ya kukisia. Wako wanaotaja elfu chache, wako wanaofika 20,000. Maelfu ya watu wanaingia na kutoka kwenye hesabu kwa kuwa majina hayakuandikwa! Na mauaji hayakuishia kwa Waarabu, wala mwezi ule. Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff walikuwa vigogo wa ASP yenyewe. 1969 walirudishwa Unguja kutoka bara, wakauawa, kesi ya hadharani hakuna.

Bibi yangu alirudi Lamu kwa jahazi mwaka ule wa 1964 na watoto wawili. Mumewe alibaki. Hakuna aliyemwambia kafa, hakuna aliyemwambia yu hai. Sasa mwanamke huyo akae eda, ule muda wa mjane kungoja, tangu lini? Miezi minne na siku kumi huhesabiwa tangu siku ya kifo, na siku yenyewe hanayo. Nyuma ya msahafu wetu wa nyumbani yameandikwa majina ya waliozaliwa na waliofariki. Penye jina la babu ipo tarehe ya kuzaliwa, kisha nafasi tupu, upana wa kidole. Kila khitma, kisomo cha kuwaombea wafu, wazee hubishana kama asomwe pamoja na marehemu.

Nataka kumbukumbu zifunguliwe na majina yaandikwe. Hapa Kenya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti 2013, mauaji ya 1984 katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, yakaandikwa, na nchi haikuvunjika.

Mjukuu wa Shambani, Malindi: Pole sana, ndugu yangu. Lakini huku kwetu mababu walilimishwa mashamba ya mtama chini ya kiboko, na hakuna msahafu ulioandika majina yao. Mbona hesabu ya maiti mnaianzia 1964? Mkilifukua hili watu watashikana mashati upya. Liacheni.

Mtoa mada: Hapo umenigusa, wala sikukatalii. Ya mababu zako yaandikwe, tena yatangulie. Ila utumwa Unguja ulifutwa kisheria 1897. Kijana wa miaka 25 aliyeuawa 1964 alizaliwa miaka zaidi ya 40 baadaye. Wengi katika waliouawa walikuwa Wamanga, Waarabu waliotoka Oman, wenye viduka vya vijijini, mtu anakupimia sukari na mafuta ya taa. Huyo alipe deni la nani? Na hilo unalosema tuliache, kwetu husomwa kila khitma.

Wa Shela: Samahani kuuliza, bibi alifanyaje na eda?

Mtoa mada: Baada ya miaka, kadhi alihukumu kuwa mume ahesabiwe amefariki, na bibi akakaa eda tangu siku ya hukumu. Baba alipochukua kalamu aiandike tarehe ile kwenye msahafu, bibi alimshika mkono. Akasema hiyo ni tarehe ya kadhi.