Msitufokee wazazi wa Mwanza kuhusu simu za watoto wakati hakuna aliyewahi kutufundisha

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, ingawa nitajitahidi zisinivunjie adabu. Wiki iliyopita nilihudhuria mkutano wa mtaa ambako mtumishi mmoja wa umma alitumia karibu nusu saa kutufokea wazazi kwamba tumewaachia watoto simu na kwamba malezi yametushinda. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa aliuliza kwa upole afanyeje ili ajue mwanawe anatazama nini, ilhali yeye mwenyewe simu anaijulia kupiga na kutuma pesa tu. Akajibiwa, "Hilo ni jukumu lako, mama." Kisha tukahamia kwenye ajenda ya taka.

Miezi michache kabla ya hapo ilisambaa WhatsApp sauti ya mwanamke analia, akidai kuna gari jeupe linalozunguka shuleni na kuteka watoto. Binti yangu wa darasa la tano aliisikia kwenye simu ya shangazi yake, akaifikisha darasani, na ilipofika saa nne asubuhi akina mama walikuwa wanatoka soko la samaki la Mwaloni mbio, magamba ya samaki yakiwa bado mikononi, kwenda kuwachukua watoto wao. Kijana mmoja aliyeegesha gari aina ya Noah, jeupe, karibu na geti, ambaye kumbe alikuja kulipa michango ya mdogo wake, alinusurika kwa kufungiwa ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Jioni nilimketisha binti, tukaisikiliza ile sauti mara tatu. Nilimwuliza msemaji ni nani, tukio limetokea shule gani, na ni siku gani. Kila swali alijibu, "Hajasema." Nikamwonyesha na ile mishale miwili juu ya ujumbe, ambayo maana yake ni kwamba umeshapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kumfikia shangazi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mbona watu wazima walikimbia?"

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu hata mimi nilikimbia.

Huku kwetu uvumi si mzaha. Kanda ya Ziwa imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, eti kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi, na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya maneno ya waganga. Maneno hayo yalikuwa yakitembea kwa miguu, kijiji hadi kijiji; siku hizi yamenunuliwa bando.

Wala tatizo si simu peke yake. Vibanda umiza, yaani vile vya kuonyeshea video mitaani, vinawapokea watoto wenye sare za shule kwa shilingi mia mbili au mia tatu, na hakuna anayeuliza filamu ni ya umri gani. Matangazo ya kubeti yanapigwa katikati ya mpira hadi mtoto wa darasa la tatu nyumbani kwangu anajua "mkeka" ambao si wa kulalia bali wa kubetia.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, una ibara ya 17 inayohusu mtoto na vyombo vya habari: apate taarifa zinazomfaa, na alindwe dhidi ya zile zinazomdhuru. UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, nayo huadhimisha wiki ya elimu ya habari, yaani ya kujua kuhoji tunachosoma na kusikia, kila tarehe 24 hadi 31 Oktoba, na inaihimiza miji isiiachie shule peke yake kazi hii, bali iziingize maktaba, vituo vya afya, hata usafiri wa umma. Ufini wanaanza kuifundisha elimu hiyo tangu chekechea. Kwetu Oktoba huja na kupita bila hata tangazo la spika.

Na sisi hatuanzii patupu, jambo ambalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nyegezi, hapa hapa Mwanza, kuna SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho kimezalisha waandishi wa habari kwa miaka mingi. Wanafunzi wake wakipangiwa wiki mbili za mafunzo kwa vitendo katika shule za msingi, wangefundisha watoto namna ya kuhoji picha na sauti. Maktaba ya mkoa ipo. Siku za kliniki akina mama hukaa kwenye mabenchi saa nyingi wakisubiri watoto wapimwe uzito, na nusu saa ya Kiswahili chepesi, au Kisukuma kwa bibi wanaolea wajukuu, ingetosha kumwonyesha mtu jinsi ya kuweka nywila na kuzuia video zisizofaa. Sidai jengo jipya.

Niliyaandika haya kwenye barua na kuipeleka katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Idara ya elimu walinielekeza ustawi wa jamii, ustawi wakanielekeza maendeleo ya jamii, na maendeleo ya jamii wakasema suala la simu linahusu elimu. Barua ina mihuri mitatu ya kupokelewa na haina jibu hata moja.

Kama kuna mwanajamvi wa Ilemela, Nyamagana, au hata wa Bukoba na Musoma, ambaye mtaa wake umewahi kupata mafunzo ya namna hii, naomba aniambie alianzia mlango upi, kwa maana Jumatatu narudi na nakala ya nne.