Ushauri: vifungashio vya bidhaa tano za kuokea vionekane vya familia moja

Mwokaji Mpya
Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa bidhaa tano za kuokea nyumbani, yaani michanganyiko ya keki, brauni (vikeki bapa vya chokoleti) na biskuti, pamoja na kakao na hamira, na walengwa wangu ni vijana walioanza kujitegemea ambao hawajawahi kuoka. Kila kifungashio nilikipa rangi, picha na fonti yake, lakini nilipoviweka mezani pamoja vilionekana kama kazi ya watu watano wasiofahamiana. Nikavipa vyote rangi moja, na mwenzangu akachukua kakao akidhani ni brauni. Je, ni kipi kibaki vilevile katika vyote, na ni kipi kibadilike? Ninatamani pia kutumia karatasi ya kahawia na maneno ya mitaani.

Mkono wa Rangi
Acha rangi ibadilike, lakini mahali pa vitu pasibadilike. Nembo, jina la bidhaa na uzito vikae sehemu ileile katika kila uso, kwa fonti ileile, ili jicho likishazoea kifungashio kimoja lijue pa kutazama katika vingine. Usichague rangi kwa kufuata kilichomo ndani, kwa kuwa vitu vya kuokwa karibu vyote ni vya kahawia, na brauni na kakao zako zitachanganywa tena. Wapo pia wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo kila bidhaa iwe na umbo lake la kuitambulisha.

Fundi Chapa
Anza na kilicho kidogo kuliko vyote, yaani pakiti ya hamira. Wengi huanza na boksi la keki, kisha hupunguza kila kitu mpaka maandishi hayasomeki. Msimbopau wa tarakimu 13, yaani ile mistari inayosomwa na mashine dukani, una upana wa kawaida wa milimita 37.29, pamoja na nafasi tupu za pembeni, na kwa kawaida haupunguzwi chini ya asilimia 80 ya ukubwa huo. Ukipata pa kuuweka hapo, kwingine hautakusumbua. Mistari yake isiwe myekundu, kwa sababu mashine nyingi za kusomea hutumia mwanga mwekundu, nao huiona kama nyeupe.

Kuhusu karatasi ya kahawia, wino wa kawaida wa kuchapia hupitisha mwanga, hivyo njano yako itageuka tope na waridi itafifia, isipokuwa utangulize wino mweupe, ambao ni gharama ya ziada. Omba sampuli iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe, usiamini kioo cha kompyuta. Karatasi hiyo pia haizuii unyevu, nao ni adui wa hamira, kwa hiyo utahitaji mfuko wa ndani.

Mlaji wa Usiku
Nina miaka 23, kwa hiyo nadhani ninayezungumziwa ni mimi. Maneno ya mitaani yatachuja kabla shehena yako ya kwanza haijaisha. Mimi sina mizani. Niandikie vipimo kwa vikombe, na uso wa mbele uniambie mapema kwamba nitahitaji mayai mawili, nisije nikagundua nikiwa nimekwishafungua pakiti.

Mwokaji Mpya
Nimewaelewa, ninashukuru. Maneno ya mitaani nimeyafuta na ninachora upya kuanzia pakiti ya hamira. Fundi Chapa, nikiacha karatasi ya kahawia bila wino mweupe na kutumia nyeusi pamoja na rangi moja iliyokolea kwa kila bidhaa, je, tofauti itaonekana kwa mtu aliye mbali na rafu?

Fundi Chapa
Kwa bluu, kijani na nyekundu zilizokolea, itaonekana. Zambarau ijaribu kwanza kwenye sampuli, maana juu ya kahawia hukaribia kuwa nyeusi.