Mfumo unachanganya data za wateja kwa jina la "kutumia objekti tena". Hawa watu wanalipwa kwa lipi?

Wadau, nimechoka na wanaotuuzia mifumo kwa majina makubwa ya ruwaza, yaani mitindo maarufu ya kupanga msimbo. Ofisi moja ya kutoa mizigo hapa Shimanzi, Mombasa, ililetewa mfumo ulioandikwa kwa lugha ya Java, nami nikaitwa kuutunza. Juzi mteja anayetoa gari lake Kilindini kafungua ankara, akakuta PIN ya KRA (namba ya kodi) ya mtu mwingine. Kaja juu, na ana haki. Matusi nimeyala mimi, maana waliouunda hawashiki simu.

Nikaingia kwenye msimbo. Ati wameweka hodhi la objekti, yaani akiba ya vitu vya programu vya kutumiwa tena: ankara zinaundwa mapema, moja inaazimwa, inajazwa, inarudishwa, inaazimwa tena. Sawa. Lakini hakuna mahali inapofutwa! Ni kumpakulia mgeni biriani kwenye sahani ambayo mwenzake ametoka kuilia. Mteja mpya alipojaza, data yake inafunika ya zamani. Alipoacha wazi, ya mwenzake inabaki. Ndiyo maana majaribio yao yalipita: kila fomu waliijaza yote.

Na hodhi lenyewe halikuhitajika! Ankara ni kitu kidogo, kinaishi sekunde chache, na mkusanya takataka wa Java huviondoa kwenye kumbukumbu vitu vya aina hiyo kwa gharama ndogo mno. Hodhi ni la vitu vilivyo ghali kufungua, kama miunganisho ya hifadhidata. Na huko, wallahi, hawakuliweka. Kila ombi linafungua muunganisho mpya wa hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo mipangilio isipoguswa inaruhusu miunganisho 100 tu kwa wakati mmoja. Asubuhi ofisi ikijaa, mfumo unagoma.

Wakiulizwa, wanajibu hiyo ni ruwaza ya kile kitabu maarufu cha ruwaza cha Gamma na wenzake cha 1994. Hebu wakifungue. Zimo ruwaza 23, hodhi halimo. Iliyomo ni Flaiweti (Flyweight), inayofanya vitu vingi vitumie data moja, nayo hushirikisha ile data isiyobadilika pekee. Java yenyewe hutunza namba za -128 hadi 127 na kuzigawa kwa wote, kwa kuwa hakuna awezaye kuigeuza 5 ikawa 6. Ankara je?

Hodhi nimeling'oa, ankara inaundwa upya kila mara. Ila Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019, na mkubwa wa ofisi anauliza nani atajibu mteja akishtaki. Nani hapa Pwani amewahi kuwabana wakandarasi wa namna hii wakalipa? Semeni, maana bili ya "matengenezo" ya mwezi huu wameshaituma.